TAHADHARI: Vicheza muziki vidogo vinavyouzwa kuwa ni vya GB 128 huku ndani vina GB 8

Ndugu zangu, naandika tahadhari hii kwa yeyote anayetafuta kicheza muziki kidogo, vile vimashine vya MP3 vyenye vitufe na kioo kidogo, kwa matumizi yake mwenyewe au kwa ajili ya mzazi asiyetaka kuhangaika na simu janja. Vimashine hivi vinauzwa mitandaoni na kwenye meza za Kariakoo vikiwa vimeandikwa GB 64, GB 128, hata GB 256, na baadhi yake vimechezewa kwa makusudi ili vionyeshe ukubwa visivyokuwa nao. Nilinunua kimoja mwezi wa tatu mwaka huu, na hasara niliyoipata haikuishia kwenye hela.

Marehemu baba yangu alikuwa mwalimu wa kwaya ya usharika wetu kule Moshi, na alituachia kaseti 41 za mazoezi na za ibada, za kuanzia mwaka 1983. Redio ya kaseti ya pale sebuleni ilishakufa, kaseti zenyewe zilikuwa zimeanza kushika ukungu, na mama alikuwa akiuliza kila nikimpigia ni lini atazisikia tena. Mimi na kaka yangu tukazipeleka kwa fundi wa studio hapa Dodoma azihamishie kwenye kompyuta. Alizihifadhi kwa mfumo wa WAV, ambao haubani sauti, ili kile kidogo kilichobaki kwenye kanda kisipungue zaidi. Mfumo huo unakula kama MB 10 kwa kila dakika, kwa hiyo kaseti moja ya saa nzima inapita MB 600, na zote 41 zilifika takriban GB 26. Ndiyo maana nilitafuta kimashine chenye nafasi kubwa, chenye vitufe ambavyo mama mwenye miaka 74 anaweza kuvibonyeza bila kumwita mjukuu.

Muuzaji nilimpata Instagram. Tangazo lake lilisema kitu ni kipya kabisa, GB 128, chaji inakaa saa 40, bei shilingi 65,000, na juu yake kulikuwa na nembo ya kampuni maarufu ambayo, kwa nilivyokuja kuelewa baadaye, haikuhusika hata kidogo na kitu kile. Alisema duka liko Kariakoo. Nilipomwomba jina la mtaa na namba ya fremu ili mdogo wangu apite kukiangalia, alijibu kwamba wako katika kuhamia fremu mpya na kwamba kwa sasa wanatuma mizigo tu. Nilipaswa kusimama hapo hapo. Badala yake nililipa kwenye lipa namba iliyokuwa na jina tofauti kabisa na la duka, na kesho yake nikapokea boksi stendi ya mabasi, likiwa limefungwa vizuri, bila risiti yoyote isipokuwa kile kikaratasi cha basi.

Nilikichomeka kwenye kompyuta kabla ya kukitumia, nikidhani kwa kufanya hivyo nimeshakikagua. Kompyuta ilionyesha GB 119, na hiyo ndiyo namba ambayo kifaa halali cha GB 128 huonyesha kwenye Windows, kwa sababu mtengenezaji anahesabu kwa maelfu kamili wakati Windows inahesabu kwa 1024. Nikaridhika. Nilinakili kaseti zote 41, kazi iliyochukua karibu saa moja na nusu, na hakuna ujumbe wowote wa hitilafu uliotokea. Nikasikiliza kaseti ya kwanza na ya pili, sauti ya baba ikihesabu mapigo kabla ya waimbaji kuanza, na kila kitu kilikuwa sawasawa. Kwa kuwa kompyuta yangu ilikuwa imejaa na nilikuwa na kazi ya ofisi ya kumaliza, nikafuta faili zote humo. Fundi naye huhifadhi kazi za wateja kwa siku 30 tu, na siku hizo zilikuwa zinakaribia kwisha.

Siku ya Pasaka nilimkabidhi mama. Alikishika kwa mikono miwili, akavaa hedifoni, akabonyeza. Kaseti 12 za mwanzo ziliimba kwa siku kadhaa bila tatizo. Ya 13 ilifika katikati ya pambio, waimbaji wakiwa wameshaingia sauti zote nne, sauti ikakata, huku sekunde kwenye kioo zikiendelea kuhesabu kana kwamba muziki bado upo. Ya 14 ilionyesha jina lake na 00:00, ikaruka. Ya 15 ikaruka. Mama alibonyeza moja moja hadi ya 41, majina yote yakipita mbele yake na mwaka wa kila ibada, na hakuna hata moja iliyotoa sauti. Aliniambia amekiharibu. Iliniuma kuliko kitu kingine chochote katika jambo hili kwamba alijilaumu yeye.

Sasa nieleze wizi wenyewe unavyofanyika, kwa sababu ukiuelewa ni vigumu kudanganywa tena. Ndani ya kila kifaa cha kuhifadhia kuna kijisehemu kinachosimamia kumbukumbu na kuiambia kompyuta ukubwa wake. Matapeli wanakiandika upya kijisehemu hicho ili kitangaze GB 128 wakati kumbukumbu iliyopo ni GB 8. Kompyuta haina njia ya kujua, inaamini ilichoambiwa. Unapozidi GB 8 kifaa kinaendelea kupokea na kujibu kwamba kimehifadhi, lakini data haiendi popote. Katika vifaa vingine inarudi mwanzo na kufuta ile iliyotangulia. Majina ya faili yanabaki kuonekana kwa sababu orodha ya majina inatunzwa mwanzoni, sehemu ambayo ni ya kweli. Mtu anayeweka nyimbo 200 za MP3 anaweza kumaliza mwaka mzima bila kugundua, maana nyimbo hizo hazifiki hata GB 2, na nadhani hilo ndilo linalowafanya wauzaji hawa waendelee kupata sifa nzuri chini ya matangazo yao. Fundi wa simu aliyenifungulia kile changu alisoma namba iliyochapwa juu ya chipu ya kumbukumbu na kuthibitisha kuwa ni ya GB 8. Betri nayo ilikuwa ndogo kiasi kwamba chaji haikufika saa tano.

Nilipomwandikia muuzaji, jibu la kwanza lilikuwa kwamba nimeingiza virusi, na la pili likanitaka nikifomati, yaani nifute kila kilichomo na kukiandaa upya, kisha nijaribu tena. Tafadhali usikubali. Kufomati hakuongezi kumbukumbu isiyokuwepo, ila kutakufutia hata zile faili chache zilizosalimika pamoja na orodha ambayo ni ushahidi wako. Nilipokataa na kumtumia picha ya ile chipu, aliifungia namba yangu.

Kipimo cha kweli ni kukijaza kifaa chote kisha kusoma upya kila kilichoandikwa. Kwenye Windows ipo programu ya bure iitwayo H2testw, na kwa wanaotumia Linux au Mac ipo F3. Zote zinaandika data zinazojulikana hadi nafasi iishe, zinairudia kuisoma, na mwisho zinakuambia ni GB ngapi zilizo halali. Kipime kikiwa kitupu, kwa sababu H2testw inapima nafasi iliyo wazi tu. Kwa kifaa cha GB 128 kazi hii inaweza kuchukua saa nne au zaidi, kwa hiyo kiache usiku. Kama huna programu hizo, jaza faili kubwa hadi nafasi iishe, chomoa kifaa, kichomeke tena, kisha cheza zile za katikati na za mwisho kabisa. Usiruke hatua ya kuchomoa, kwa kuwa kompyuta inaweza kukuchezea nakala iliyobaki kwenye kumbukumbu yake yenyewe ukadhani imetoka kwenye kifaa. Na hadi kipimo kikamilike, usifute nakala ya kwanza hata kama kompyuta imejaa kiasi gani.

Niongeze jambo moja kuhusu iPod, kwa sababu muuzaji huyo huyo anazitangaza pia kuwa ni "toleo jipya la mwaka huu". Apple waliacha kuuza iPod nano na iPod shuffle mwaka 2017, na mwezi Mei 2022 wakatangaza mwisho wa iPod touch, iliyokuwa ya mwisho kubaki. Anayekuuzia leo anaweza kuwa na iliyotumika, iliyokarabatiwa au iliyokaa stoo, na hakuna ubaya wowote akisema hivyo. Lakini akisema imetoka kiwandani mwaka huu, anadanganya. Tusisahau pia kwamba vicheza muziki havitumii laini, hivyo havina IMEI, ile namba ya utambulisho wa simu, na ile njia tuliyozoea ya kuhakiki simu kwa *#06# haitusaidii hapa.

Kwa anayehitaji kimashine cha namna hii, ushauri wangu ni anunue chenye tundu la memori kadi, kwenye duka lenye fremu na risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi), kisha anunue kadi kando. Kadi nayo ipimwe, maana wizi huu ulianzia na unaendelea kwenye kadi na flashi. Uliza pia kimashine kinapokea kadi ya ukubwa gani, kwani vingi vya bei nafuu haviendi zaidi ya GB 32.

Namba za simu za tapeli huyu nimeziripoti kupitia namba 15040 ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na suala la nembo bandia tumelipeleka kwa Tume ya Ushindani, ambayo ndiyo inayoshughulikia bidhaa bandia kwa upande wa Tanzania Bara. Mwenye boksi, picha za mazungumzo na uthibitisho wa malipo asitupe chochote. Kuhusu kaseti, kaka yangu amezirudisha kwa fundi, ambaye alikuwa ameshafuta faili zake, na kazi inaanza upya. Tatu kati ya zile ambazo hazikusalimika zilikatika utepe mara ya kwanza, na fundi amesema ataziunga lakini hawezi kutuahidi kitu.

Akaunti aliyoniuzia imefungwa. Wiki iliyopita nimeona nyingine yenye jina jipya na picha zile zile: kimashine cheusi kilichowekwa juu ya kitambaa cha meza chenye maua mekundu, kioo chake kimewashwa kinaonyesha saa 10:08, na kona ya juu ya kulia ya boksi imebonyea. Bei sasa ni shilingi 58,000, na kwenye maelezo ameongeza kuwa ni GB 256. Ukiiona picha hiyo, usilipe.