Samaki na Chipsi wa Uingereza: Wapi Nimeridhika, Wapi Nimeacha Sahani

Assalamu alaikum, hamjambo nyote mnaonitazama. Leo sina simu ya kuwachambulia wala spika. Leo nachambua samaki. Nimezunguka Uingereza na Uskoti siku kumi na mbili, na karibu kila siku nimekula samaki na chipsi, maana nyinyi wenyewe mliniandikia mkasema: mtoto wa Mombasa, umekulia kwenye samaki, hebu twambie kweli, chakula hiki kinachosifiwa hivi kina nini?

Nianze na kibaya, kwa sababu ndicho mtakachokutana nacho kwanza mkishuka London. Niliingia duka moja karibu na barabara ya watalii, bendera dirishani, picha za samaki ukutani kubwa kama mlango. Samaki walikuwa wamekaangwa zamani, wamepangwa ndani ya kabati la kioo lenye taa ya kutia joto. Nilihudumiwa kabla sijamaliza kutoa pesa mfukoni. Pauni 15. Nikakaa, nikafungua: ganda limelowa, limeachana na mnofu, na kwa ndani rojo la unga bado bichi, linanata kwenye meno. Nilikula nusu, nikaacha. Niliumia, jamani, maana pauni 15 ukizigeuza shilingi unalisha nyumba nzima.

Tangu siku ile nina kipimo kimoja: samaki akiwa anakungoja wewe, toka. Ukiambiwa umngoje yeye, kaa.

Niwaeleze sababu, ili msiniamini kwa maneno matupu. Mnofu unachovywa kwenye rojo la unga na maji baridi, unatumbukizwa kwenye mafuta ya nyuzi 180 hivi. Rojo linakauka palepale na kuwa ganda, na samaki ndani anaiva kwa mvuke wa maji yake mwenyewe, mafuta hayamgusi. Kwa hiyo akiwa mzuri mnofu ni mweupe, una maji, unaachana vipande vipande ukiugusa tu kwa uma. Lakini mvuke ule hauishi akitolewa karaini. Unaendelea kutoka, na ukikosa pa kwenda unarudi kwenye ganda. Wenzangu mnaojua viazi karai mnanielewa vizuri: kile kinachotoka kwenye mafuta ukakichovya kwenye ukwaju, na kile kilichofungwa kwenye mfuko wa plastiki kikafika nyumbani. Ni viazi vilevile, lakini si chakula kimoja. Ndiyo maana hata duka zuri, nawaambia wasifunge sanduku. Wanaliacha wazi, na mimi nakula palepale nje, nimesimama, hata kama upepo unakata.

Sasa tuje Whitby. Mji huu uko pwani ya kaskazini mashariki, Yorkshire. Nililala Leeds kwa dada yangu, tukapanda basi asubuhi pamoja na rafiki yake mmoja, Mkristo kutoka Taita, mtaona umuhimu wake baadaye. Basi linapita katikati ya nyika yenye vichaka vifupi, halafu ghafla unaona bahari. Mto Esk unaingia baharini katikati ya mji, juu ya jabali kuna magofu ya abasia, yaani nyumba ya watawa ya zamani, na ngazi 199 za kupandia. Nimezihesabu. Na kando ya bandari, maduka ya samaki kila baada ya hatua kumi, na foleni.

Hapo ndipo shida yangu ilipoanza, na Waislamu wenzangu nataka mnisikilize. Mjini Whitby, na Yorkshire kwa jumla, wengi wanakaanga kwa mafuta ya ng'ombe. Wala hawafichi, wanajivunia, wameandika dirishani kwa herufi kubwa: beef dripping. Yashikeni maneno hayo mawili. Ni shahamu iliyoyeyushwa, na kwa kawaida ng'ombe yule si wa kuchinjwa kihalali. Mtu anaona samaki, anasema samaki ni halali popote, anakula. Samaki ndiyo, lakini mafuta je? Na kuna mengine mawili. Wengine wanatia bia kwenye rojo ili ganda liwe jepesi. Na wengi wanauza soseji za nguruwe zilizochovywa kwenye rojo lilelile na kukaangwa kwenye mafuta yaleyale ya chipsi. Kwa hiyo ulizeni yote matatu: mafuta gani, rojo lina nini, na nini kingine kinapita kwenye karai hili.

Niliuliza duka la kwanza, mafuta ya ng'ombe. La pili, vilevile. La tatu, vilevile, lakini mama aliyekuwa nyuma ya kaunta, aliyekuwa akiniita "love" kana kwamba tunajuana tangu utoto (huko Yorkshire wanamwita kila mtu hivyo, msishtuke), akatoka mpaka mlangoni akanielekeza kwa kidole duka la uchochoroni linalotumia mafuta ya mimea. Hakuna hata mmoja aliyenikunjia uso kwa kuuliza. Wanaulizwa kila siku, na watu wasiokula nyama, na wenye mzio wa ngano.

Na nilipokuja kusoma historia yake nilifurahi. Walioanza kuwauzia watu wa London samaki wa kukaanga namna hii ni Wayahudi ambao asili yao ni Ureno na Uhispania. Dini yao inakataza nguruwe, basi walikaanga kwa mafuta ya mimea. Chipsi zilikuja kuungana na samaki miaka ya 1860, na hadi leo kuna ubishi kama wa kwanza alikuwa Joseph Malin wa London mashariki au John Lees wa Mossley, Lancashire. Ubishi huo siuingilii. Ninachotaka mjue ni kwamba swali la "umekaangia nini?" ni la zamani kama chakula chenyewe, kwa hiyo msione haya.

Duka la uchochoroni: nililipa pauni 11, nikangoja dakika nane. Ubaoni mtaona majina mawili, cod na haddock. Mimi nitawaita kodi na hadoki. Yorkshire na Uskoti wanapenda hadoki, kusini wanapenda kodi. Kodi ana mnofu mnene, vipande vikubwa, ladha ya upole. Hadoki ni mwembamba kidogo, utamu wake umekolea zaidi, na mimi niliyezoea samaki wa kwetu, changu na tafi, nimemchagua hadoki bila kusita. Ganda lilikuwa la rangi ya dhahabu, limefura, ukilibonyeza linavunjika na unasikia sauti yake. Mnofu uling'aa. Kimya kilitupata sote watatu.

Rafiki wa dada yangu yeye alinunua lile duka la tatu, la mafuta ya ng'ombe. Siwezi kuwapa hukumu ya kitu ambacho sikukila, nawapa yake: anasema ganda ni kavu zaidi, lina harufu ya nyama choma kwa mbali, na chipsi zake ni bora kuliko zangu. Chipsi zangu nilizionja vizuri nikamkubalia, zilikuwa na mafuta zaidi ya zake. Na mjue chipsi za huko ni nene, laini ndani, nje hazikauki kama tulivyozoea. Hazijaharibika, ndivyo zinavyotakiwa. Mkitaka kitu cha kutafuna, ombeni zile punje za rojo zinazoelea kwenye mafuta. Yorkshire wanaziita scraps, na maduka mengi wanakupa bure.

Siki ni jambo jingine. Kile kimiminika cha kahawia kwenye chupa, maduka mengi si siki ya shayiri. Ni asidi ya siki iliyotiwa maji na rangi. Ukiona siki ya kweli, imwage kwa raha zako, inakata mafuta. Nilikosa ndimu kila siku. Njegere za kuponda nimezijaribu mara tatu, mji tofauti kila mara, na sikuzipenda hata mara moja. Ni njegere zilizokomaa zikakaushwa, zikarowekwa usiku, zikachemshwa mpaka zikavurugika, bila kitunguu, bila nazi, bila chochote. Naziheshimu kwa kuwa kuna watu wanazililia, lakini pauni mbili zangu nazitaka kwenye samaki.

Sasa hili litawashangaza watu wa pwani. Nilidhani samaki wa Whitby anatoka kwenye zile mashua zilizofungwa pale mbele yangu. Hapana. Mashua zile nyingi ni za kutega kambakoche na kaa. Kodi na hadoki wengi wanaoliwa Uingereza wanavuliwa mbali, maji ya Norway, Iceland na bahari ya Barents, wanaondolewa miba na kugandishwa melini kwenyewe, saa chache baada ya kutoka majini. Zamani meli za Hull na Grimsby ndizo zilizokuwa zikienda huko. Iceland ikasukuma mpaka wake wa uvuvi: maili 12 mwaka 1958, maili 50 mwaka 1972, maili 200 mwaka 1975. Meli za doria za Iceland zilikata nyavu za wavuvi wa Uingereza, manowari za Uingereza zikagongana nazo, na mwaka 1976 Uingereza ikakubali. Miji ile miwili ya wavuvi haijarudi kuwa ilivyokuwa. Kwa hiyo muuzaji akikwambia samaki wake amegandishwa melini, usimdharau. Ni bora kuliko anayejiita mbichi na amekaa kwenye barafu siku sita. Na kuwa karibu na bahari peke yake hakukuhakikishii kitu.

Uskoti nitapita haraka. Edinburgh nilikula mara mbili. Ukitaka samaki pamoja na chipsi unaomba "fish supper", hata iwe mchana. Ukisema samaki tu, utapewa samaki tu. Watakuuliza kama unataka chumvi na sosi, na sosi yenyewe ni ya kahawia, chachu, wanaichanganya na siki. Nimeipenda sana, imenikumbusha ukwaju wetu.

Kabla hujaingia duka lolote, tazama mlangoni. Uingereza yenyewe (England), Wales na Ireland ya Kaskazini kuna kibandiko cha kijani chenye namba 0 hadi 5, alama ya usafi waliyopewa na wakaguzi. Wales na Ireland ya Kaskazini ni lazima kibandikwe. Uingereza si lazima, na asiyekibandika nami najiuliza kwa nini. Alama yake unaipata kwenye intaneti kwa kuandika jina la duka. Mimi chini ya 4 siingii. Uskoti hawatumii namba, ni kufaulu au kutakiwa kurekebisha.

Alama zangu: lile duka la London, mbili juu ya kumi. Edinburgh, saba. Duka la uchochoroni Whitby, nane na nusu, na nusu nyingine ningeongeza kama chipsi zingechujwa mafuta vizuri.

Saa zao ni za ajabu, zishikeni. Wengi wanafunga saa nane mchana, wanafungua tena saa kumi na moja jioni, na Jumapili wengine hawafungui kabisa. Ijumaa foleni ni ndefu kuliko siku zote, mila ya Kikristo ya kuacha nyama siku hiyo. Sisi basi letu la kurudi Leeds lilikuwa saa saba mchana siku ya pili, na duka linafunguliwa saa tano na nusu. Saa tano na robo nilikuwa nimesimama mlangoni, wa kwanza, na dada yangu nyuma yangu ameshika chupa ya ndimu tuliyoinunua usiku.