Seva za nyumbani zikisuasua: kunakili faili au kupima kwa iperf3?

Faili zikisuasua kati ya seva mbili za nyumbani, wengi hunakili faili moja kubwa na kutazama kasi. Kipimo hicho ni cha kweli kwa kuwa ndiyo kazi yenyewe, lakini kinachanganya diski, prosesa, itifaki na waya katika namba moja. Huwezi kujua kinachochelewesha ni kipi.

iperf3, programu ya kupima kasi ya mtandao, hutuma data kutoka kumbukumbu ya mashine moja hadi nyingine bila kugusa diski. Kwenye mtandao wa gigabiti 1, tarajia takriban megabiti 940 kwa sekunde. Ukipata 94 hivi, kagua waya kwanza: gigabiti huhitaji jozi zote 4 za nyaya, na moja ikikatika, kasi mara nyingi hushuka hadi megabiti 100. Rudia amri ya iperf3 kwa chaguo la -R, linalogeuza mwelekeo wa data, ili upime upande wa pili pia; hitilafu ya upande mmoja hujificha sana.

Mimi ningeanza na iperf3, bila kusita. Ikitoa megabiti 940 (karibu megabaiti 117) huku unakili ukibaki megabaiti 30 kwa sekunde, achana na waya. Chunguza diski, usimbaji fiche wa SSH (njia salama ya kuunganisha mashine mbili), au faili ndogondogo nyingi, maana kila moja hudai kufunguliwa na kufungwa.