Bahasha za sadaka zenye namba: zinafaa wapi, zinaharibu wapi

Kifurushi cha kawaida kina bahasha 52, moja kwa kila Jumapili ya mwaka, na chache za ziada kwa ajili ya Pasaka, Krismasi na mavuno. Usoni pana tarehe, namba ya mshirika na mistari ya zaka, sadaka, shukrani, ujenzi na jumla. Kinachofanya kifurushi hiki kistahili kununuliwa ni kwamba uamuzi wa kutoa unafanyika nyumbani, mtu akiwa ametulia, badala ya kupapasa mfukoni kikapu kikipita na kutoa kilichobaki. Ndivyo Paulo alivyowaagiza Wakorintho: siku ya kwanza ya juma kila mtu aweke akiba kwake, kwa kadiri ya kufanikiwa kwake (1 Wakorintho 16:2).

Ili bahasha ifanye kazi hiyo, ijazwe siku pesa inapoingia, kabla ya kodi, nauli na madeni. Mwenye mshahara wa mwezi aliyekusudia kutoa sehemu ya kumi aigawe mara moja kwenye bahasha nne au tano, kulingana na Jumapili za mwezi huo, aandike kiasi, azifunge. Iliyoachwa wazi hukopwa katikati ya wiki, na mkopo wa namna hiyo ni nadra kurudi. Mkulima au mchuuzi ambaye kipato chake hakina ratiba achukue zisizo na tarehe, ajaze anapouza. Za tarehe zitamlimbikizia bahasha tupu na hatia isiyo na sababu.

Kabla ya kuagiza za kanisa zima, tia noti ndani ya moja na uiinue kwenye mwanga. Ukiiona noti, karatasi ni nyepesi mno. Ya gramu 80 kwa mita ya mraba, ile ya printa, huchanika pembeni ikibeba sarafu nyingi. Tafuta ya gramu 100 au zaidi. Isiwe ya kung'aa, kwa sababu wino hupakaa na namba haisomeki. Zitunzwe pakavu, maana gundi ikipata unyevu bahasha hujifunga zenyewe kabla ya kutumika.

Kwenye kuhesabu ndiko mambo huharibika zaidi. Wahesabuji wasipungue wawili, wasiwe wa nyumba moja. Mmoja afungue na kuhesabu, mwenzake alinganishe na kilichoandikwa nje. Visipolingana, kiasi halisi kiandikwe juu ya bahasha palepale na wote watie saini; la sivyo mshirika akidai alitoa zaidi hakuna wa kumjibu. Kila fungu, yaani zaka, sadaka, shukrani na ujenzi, lijumlishwe peke yake kabla ya kuchanganywa na pesa za kikapu. Makanisa mengi huruka hatua hii, kisha hakuna ajuaye pesa za ujenzi zimeishia wapi. Bahasha tupu zisitupwe hadi wakaguzi wamalize kazi. Huko si kutoaminiana: Paulo mwenyewe aliusafirisha mchango pamoja na wenzake ili mtu asije akawalaumu (2 Wakorintho 8:20).

Kasoro kubwa ya bidhaa hii ni namba yenyewe. Inamsaidia mhazini, lakini ikitoka mikononi mwake inadhuru. Pale majina na viwango vinaposomwa mbele ya kusanyiko, au orodha ya “wanaodaiwa” inapobandikwa ubaoni, sadaka imeshageuzwa deni, na anayetoa kwa hofu ya ubao hatoi kwa moyo wa ukunjufu (2 Wakorintho 9:7). Mwenye kidogo huanza kukwepa ibada. Mwenye vingi huzoea kusifiwa kwa kile ambacho Yesu alitaka kifanyike kwa siri (Mathayo 6:3-4). Yule mjane wa senti mbili angekuwa wa mwisho kwenye orodha hiyo, ilhali Yesu alisema ametia zaidi ya wote (Marko 12:43).

Kwa hiyo tunazipendekeza kwa masharti: daftari la namba akae nalo mhazini na wakaguzi pekee, mchungaji apewe jumla ya kila fungu bila majina, na kusiwe na huduma yoyote, iwe ya ndoa, ubatizo au mazishi, inayomtaka mtu aonyeshe rekodi ya bahasha zake. Taarifa ya mwaka apewe kila mshirika ya kwake tu, ikiwa imefungwa.