Adili na Nduguze: nimekisoma mara tatu, haya ndiyo maoni yangu

Habari zenu wapenzi watazamaji, karibuni tena. Leo nina kitabu kimoja tu, hiki hapa. Ni chembamba, na jalada limechakaa kwa sababu nimekinunua kwa muuza vitabu vya mitumba, kwa pesa yangu mwenyewe.

Kabla sijakifungua, kuna deni nalilipa. Mwezi uliopita niliwasifia hapa riwaya moja nene ya mazimwi na falme, nikiwa nimefika katikati. Dada mmoja akainunua kwa maneno yangu, kisha akaniandikia kwamba nusu ya pili imemvunja moyo. Nikaimalizia, nikaona ana haki. Dada, unisamehe. Tangu hapo sisifii kitabu ambacho sijakifikisha ukurasa wa mwisho. Hiki nimekisoma mara tatu.

Ni Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, cha mwaka 1952. Najua wengi mmekutana naye darasani, na mkisikia jina lake mnawaza mashairi na maadili. Lakini humu mna majini, mna mji ambao watu wake wamegeuka mawe, mna nyoka ambaye si nyoka. Mtu akiniomba riwaya ya fantasia ya Kiswahili, hapa ndipo ninapomwanzishia.

Nisikilizeni kuhusu tukio moja, maana kitabu kizima kinaning'inia hapo. Mjumbe wa mfalme Rai anafika Janibu kwa Adili, mtawala ambaye watu wanampenda. Usiku mjumbe anaona jambo. Adili anawaendea manyani wawili, anashika mjeledi, anawachapa kwelikweli. Akimaliza, anawabembeleza na kuwalisha kama watu anaowapenda. Kesho yake usiku, vilevile. Manyani hao ni ndugu zake wa damu. Hapo sijawaharibia utamu, jina la kitabu limeshadokeza.

Amri imetoka kwa Huria, jini ambaye Adili aliwahi kumwokoa. Huria anamlipa fadhila kwa kuwageuza ndugu waliomtendea ubaya, halafu anamwachia yeye kazi ya kuwaadhibu. Katika riwaya nyingi za aina hii nilizosoma, uchawi unakuja kumtoa mtu kwenye shida. Huu unamkabidhi mtu mwema mjeledi na kumwambia kila usiku awapige watu wake. Mimi hilo limenikaa moyoni kuliko vita vyovyote vya mazimwi.

Nilimsomea mpwa wangu wa miaka kumi kwa sauti. Tulipofika hapo akaniwekea mkono juu ya ukurasa, akauliza, "Mjomba, kwani hao manyani wanamjua?" Nikakaa kimya kidogo. Wanamjua, ndiyo. Hakuendelea kuuliza, ila aliniambia nisisome haraka.

Sasa kasoro, na zipo. Ya kwanza ni majina. Ndugu mmoja anaitwa Hasidi, mwingine Mwivu. Mtu ukishamwita Hasidi, msomaji atamtarajia nini? Anapopanda chombo pamoja na Adili, umeshajua kwamba safari haitaisha salama. Mimi nilitamani kumwona Hasidi siku ambayo bado alikuwa anampenda ndugu yake, ili uchungu wa kuharibika kwake unifikie. Mwandishi hakunipa. Na yule binti Mwelekevu, aliyebaki hai peke yake kwenye mji wa mawe, huyo peke yake angetosha riwaya. Siku zake alizipitishaje? Alikuwa anaongea na nani? Kitabu kinamsifu kwa wema wake, wakati mimi nilitaka kukaa naye jioni moja tu ndani ya ule mji.

Lugha nayo ni nzito. Sentensi zimefumwa, na mara kadhaa utahitaji kamusi. Mara ya kwanza nilichoka. Mara ya pili nilisoma kwa sauti na mambo yakabadilika, kwa sababu hizi ni sentensi za mtu anayesimulia barazani, zinataka sikio.

Kuna jambo jingine ambalo ni haki yenu kulijua kabla ya kununua: mifupa ya hadithi hii imo katika Alfu Lela Ulela. Kule ndugu wamegeuzwa mbwa. Wapo wanaokishusha thamani kwa sababu hiyo. Mimi naona kubadili mbwa kuwa manyani ni uamuzi wa fundi. Mbwa akipigwa namhurumia. Nyani ana mikono kama yangu, anaweza kujikinga uso.

Je, nakipendekeza? Kwa anayetaka majeshi, ramani na juzuu saba, hapana, atasikia njaa. Kwa mzazi anayetaka kumsomea mtoto usiku, ndiyo, bila kusita, lakini mpitie mapigo taratibu. Kwa kijana aliyesoma fantasia za Kizungu tu na anadhani kwetu hakuna, ndiyo, tena aanze leo. Ukikipenda, fuata Kusadikika cha mwandishi huyohuyo, cha mwaka 1951, chenye nchi iliyo angani na kesi ya kijana Karama. Lakini hicho kimeegemea zaidi siasa na sheria, msije mkanilaumu kwamba majini hayaonekani. Nagona cha Kezilahabi kiacheni kwanza. Ni kitabu kikubwa kwa uzito wake, ila kwa msomaji mgeni ni msitu usio na njia.

Kama hao ndugu wanarudi kuwa watu au la, siwaambii. Na wewe uliyekwisha kukisoma, tafadhali usiwasimulie wenzako. Mpwa wangu amebakiza kurasa kumi na mbili, na yeye huwa anatazama video zangu.