Simu ya nyumbani ya kutegemea siku ya dharura: ipi kwanza, ipi mwisho

Wauzaji hukuuliza unataka dakika ngapi na intaneti ya kasi gani. Wewe waulize mawili. Umeme ukikatika, simu itapiga? Na mpigaji akishindwa kusema, anayepokea namba ya dharura atajua yuko wapi? Orodha hii imepangwa kwa majibu ya maswali hayo; bei sijaigusa.

1. Simu ya mezani ya waya wa shaba. Kama bado ipo unapoishi, ichukue. Waya wake huleta umeme wa volti 48 hivi kutoka kituo cha simu, ambako kuna betri za akiba, hivyo nyumba ikiwa giza bado unapiga. Anwani yako nayo inajulikana kwa laini yenyewe. Ila nunua kifaa chenye waya: kile cha kubeba mkononi hutegemea kitako kilichochomekwa kwenye umeme wa nyumba. Uliza pia laini hizo zitazimwa lini, maana nchi nyingi zinaziondoa. Uingereza imepanga kumaliza Januari 2027.

2. Simu ya mezani ya kadi ya laini. Ina betri yake, mtoto huiona ilipo, na haina nywila ya kufungua. Jaribu mtandao chumbani mnakolala kabla ya kulipa. Udhaifu wake ni mahali: minara hukadiria tu ulipo, na ukadiriaji huo hautaji ghorofa.

3. Simu ya intaneti. Hapa ndipo watu wengi wanaishia siku hizi, na ndipo penye mitego. Sauti inapita kwenye ruta, na kama intaneti yako ni ya mkongo (waya wa nyuzi za kioo) kuna kisanduku kingine ukutani. Betri ya akiba inayolisha ruta peke yake haikusaidii kitu. Lazima ilishe vyote viwili. Halafu anwani. Marekani, tangu 2005, kampuni za huduma hii zinalazimika kuunganisha wateja na 911, namba ya dharura ya huko, kwa anwani waliyoisajili. Ukihama na kifaa chako bila kubadilisha anwani, gari la wagonjwa litakwenda kwa wapangaji wapya. Huko baadhi ya kampuni zina namba 933, ambayo hukusomea anwani iliyosajiliwa. Kwingine, mpigie mtoa huduma akusomee. Usijaribu kwa kupiga namba ya dharura yenyewe.

4. Simu ya mkononi peke yake. Ni nzuri barabarani: namba ya dharura 112 hupigika hata skrini ikiwa imefungwa, na katika nchi kadhaa simu janja hutuma mahali ilipo yenyewe. Lakini nyumbani imo mfukoni mwa baba aliyetoka, au imezima chaji. Iwe ya pili, isiwe ya pekee.

Programu za kuchati sijazipa nafasi kabisa. Nyingi hazipigi namba za dharura.

Nyumba yenye mzee anayevaa kitufe cha kuomba msaada ina kazi ya ziada. Vifaa vingi vya zamani vya aina hiyo vilitengenezwa kwa waya wa shaba, na vikihamishiwa intaneti vinaweza kunyamaza bila mtu kujua. Zungumza na anayevihudumia kabla fundi hajabadilisha laini, kisha kitufe kibonyezwe fundi akiwa bado hapo.