Nembo ya Chaneli 7 ya Chicago: zaidi ya miaka 60 ndani ya duara moja

Kati ya nembo za vituo vya televisheni vya miji ya Marekani, ninayoiweka mbele ni ile ya WLS ya Chicago, yaani tarakimu 7 nene iliyokaa ndani ya duara. Hapa naipima kama kazi ya usanifu, kwa kuangalia imefanyiwa nini tangu ilipochorwa.

Kituo chenyewe kilianza kurusha matangazo mwaka 1948 kikiitwa WENR, kikawa WBKB mwaka 1953, na mwaka 1968 kikachukua jina la WLS kinalolitumia hadi leo. Nembo ni ya mwaka 1962. Msanifu G. Dean Smith wa San Francisco aliichora kwa ajili ya vituo vitano vilivyomilikiwa na ABC, mtandao wa televisheni wa Marekani, katika miji ya New York, Chicago, Detroit, Los Angeles na San Francisco, ambavyo vyote vilirusha kwenye chaneli 7. Mwaka huohuo msanifu mwingine, Paul Rand, aliupatia mtandao huo nembo ya herufi tatu ndogo ndani ya duara, na ndiyo maana nembo hizi mbili zikiwekwa pamoja huonekana kama ndugu wa tumbo moja.

Uzuri wake wa kwanza ni unene. Wakati ule nyumba nyingi zilikuwa na televisheni za picha nyeusi na nyeupe, tena zenye chenga pale antena isipokaa sawa, kwa hiyo nembo ya mistari myembamba ingepotea. Hii haikuhitaji rangi ili itambulike, na rangi zilipokuja zilipakwa juu yake bila kuligusa umbo. Jina la kituo lilipobadilika mwaka 1968, duara halikuwa na herufi ya kufutwa.

Ushahidi mkubwa zaidi wa uimara wake uko Detroit, ambako kituo cha WXYZ kiliuzwa kwa kampuni ya Scripps mwaka 1986. Mmiliki mpya angeweza kuja na nembo yake, lakini duara lile lile bado liko hewani. Chicago nako, baada ya matangazo ya analogia kuzimwa Juni 2009, watazamaji wengi walipata shida kukinasa kituo, kikahamishiwa masafa ya chaneli 44. Hata hivyo televisheni za nyumbani huendelea kuonyesha 7, kwa sababu ishara ya dijitali hubeba namba ya kuonyeshwa tofauti na ya masafa.

Kasoro zipo. Miaka ya 2000, ABC ilipoing'arisha nembo yake ionekane kama mpira wa kioo, vivuli na mng'ao viliingia pia katika michoro ya vituo vyake, na umbo lililotegemea wepesi likalemewa. Kasoro nyingine ni ya tangu mwanzo: hakuna kitu ndani ya duara kinachoizungumzia Chicago, hata ikabidi jina la mji liandikwe pembeni, na hilo kwa kituo cha mji ni pengo la kweli.

Naipa alama 8 kati ya 10. Tangu ABC iliporudisha nembo yake kwenye umbo bapa mwaka 2021, nembo hizo mbili zimepatana tena, na toleo hilo ndilo ningempendekezea mwanafunzi wa usanifu alisome kwanza.