Apu ya notsi kwa mke na mume: zipi muweke, zipi muziache

Kama nyote wawili mnatumia Android, wekeni Google Keep na mambo yaishe. Kama nyote mna iPhone basi ile Notes iliyokuja na simu inatosha, tena kwenu nyinyi ni nzuri kuliko Keep. Mmoja ana iPhone mwengine ana Tecno au Infinix? Rudini Keep, mana Notes ya Apple haina apu ya Android, mwenye Android itabidi aingie iCloud kwa brauza tena awe na akaunti ya Apple, na mtu yuko soko la Mwanakwerekwe na mfuko wa mbatata mkononi hawezi kuhangaika na hayo.

Hilo ndo jibu fupi, yaliyobaki ni kwa anaetaka kujua kwa nini.

Kwanza niseme napima kwa kitu gani. Nyumba nyingi anaechagua apu ni yule mpenzi wa simu, kaipenda kwa rangi zake na vidubwasha vyake, halafu mwenzake akiifungua mara ya kwanza anaambiwa afungue akaunti, athibitishe imeili, achague mpango wa malipo, keshachoka, na kesho yake anapiga simu kutoka sokoni Darajani kuuliza "hivi ulisema nilete nini?". Kwa hiyo mimi naangalia ile simu dhaifu kati ya mbili na yule mtu asiependa mambo haya, kama yeye ataifungua bila kusukumwa basi apu imefaulu, na kama hataifungua hata iwe ya bei gani haina faida nyumbani. Halafu naangalia bila mtandao inafanya nini, mana sisi ambao maisha yetu yako nusu Unguja nusu Pemba tunajua, mkiwa melini katikati ya bahari mtandao unapotea, na mashamba mengine mtandao unakuja ukitaka wenyewe. Bando nalo, ingawa notsi za maandishi tu zinakula MB kidogo sana, ukianza kutia mapicha ndo hesabu inabadilika. Pesa naiweka mwisho kwa sababu nyingi ya hizi ni bure, na za kulipia zinatangaza bei kwa dola na zinataka kadi, jambo ambalo kwa watu wengi huku ni mlango umefungwa tayari.

Namba moja Google Keep. Ipo tokea 2013, ni bure, na kama haikuja na simu unaichukua Play Store. Unaandika notsi yako, unabonyeza vidoti vitatu, unachagua sehemu ya kuongeza mtu, unaandika Gmail ya mwenzio, unasevu, kwisha. Akiandika yeye unaona wewe, ukitia tiki wewe anaona yeye. Chukua orodha ya soko ya kawaida tu: tungule mafungu mawili, mbatata kilo mbili, vitunguu thomu, ndimu, bizari, mafuta lita moja, boflo za asubuhi. Aliopo sokoni anatia tiki kimoja kimoja na kilichotiwa tiki kinashuka chini, aliopo nyumbani anaona kipi kishanunuliwa, akikumbuka nazi anaongeza, na mwenzake anaikuta pale pale kabla hajapanda gari. Wiki ijayo hamuandiki upya, mnaondoa tiki zote kwa mpigo mmoja na orodha imerudi kama ilivyokuwa. Ukiwa huna mtandao unaandika hivyo hivyo na simu ikipata mtandao inapeleka.

Na kwa asiependa kutaipu, kibodi ya Gboard inasikia Kiswahili tokea 2017, unabonyeza alama ya maiki unasema na yenyewe inaandika. Nalisema hili kwa sababu nawajua watu wazima wengi ambao kutaipu kwao ni tabu lakini kusema wanasema, na mtu anaekanda unga hana mkono wa kushika simu, anaibonyeza mara moja tu anasema "sukari" basi.

Kwetu sisi Keep kazi yake kubwa ni umeme. Mume wangu yupo Wete, Pemba, kikazi, mimi nipo Unguja na watoto, na yeye ndo anaenunua umeme wa TUKUZA, ule wa kulipia kabla, kwa simu. Token, yaani namba ya kuingiza kwenye mita, ni tarakimu 20, kumsomea mtu tarakimu 20 kwa simu usiku huku taa zimezima na mtoto analia ni mtihani, ukikosea moja mita inakataa na unaanza upya. Sasa anaibandika kwenye notsi inayoitwa UMEME, mimi nimeipini juu kabisa, namba ya mita ipo mstari wa kwanza kwa hiyo hata mtoto wetu mkubwa akipewa pesa anaweza kununua mwenyewe. Chini ya kila token kuna tarehe na kiasi. Hiyo tarehe inaonekana kitu kidogo lakini ndo iliyotufanya tuone kuwa miezi ya joto umeme wa kiasi kile kile unaisha mapema, na tukaanza kupanga hiyo pesa kabla badala ya kulaumiana.

Ada ya skuli na ya chuoni tumeziweka namna hiyo hiyo, notsi moja kwa kila mtoto, kilicholipwa na kilichobaki.

Sasa mambo ya kujua kabla hamjaitegemea. Kikumbusho unachokiweka kwenye notsi mnayoshea kinakulilia wewe peke yako, mwenzio hakimlii, na hili linagombanisha watu kweli kweli, mke kaweka kikumbusho cha kliniki ya mtoto saa mbili asubuhi anaamini na bwana kasikia, bwana hana habari yoyote, kwa hiyo kila mmoja aweke chake. Kupini na kuitoa notsi mbele ya macho bila kuifuta (archive) pia ni kwa akaunti yako tu, usishangae ulichokipini wewe kwake kipo chini huko. Aliyeianzisha notsi akiifuta imefutika kwenu wote, lakini alieongezwa akiifuta inatoka kwake tu, basi notsi za muhimu aanzishe yule mwenye mkono mtulivu.

Kubwa kuliko yote ni Gmail. Watu wengi Gmail zao wamefunguliwa na fundi au muuza simu siku ile ile waliyonunua, paswedi hawaijui, imeili yenyewe hawaijui, na simu ikiibiwa au ikiingia maji kila kitu kimekwenda. Kabla hamjaandika hata mstari mmoja, kaeni pamoja jioni moja, kila mtu aijue imeili yake, aweke paswedi anayoikumbuka, na namba ya simu ya kurejeshea iwe laini anayoitumia leo, isiwe ile ya zamani ilokwishafungwa. Bila hilo hakuna apu hata moja katika hizi itakayowafaa.

Na PIN ya pesa za simu isiandikwe humo. Keep haina kufuli ya notsi moja moja, anaeshika simu iliyo wazi anasoma zote.

Nimeshaulizwa pia kuhusu bwana mwenye wake wawili, na nalijibu kwa heshima mana ni nyumba zetu hizi hizi. Keep inafaa kwa sababu kila notsi inashewa peke yake, ya nyumba ya Chake Chake ina watu wake na ya nyumba ya mjini ina watu wake, hazichanganyiki. Ila ukiwaweka wote wawili kwenye notsi moja kila mmoja anaiona imeili ya mwenzake na anasoma kila kilichomo, kwa hiyo iwe ni jambo mlokubaliana, kama mambo ya wazee au ya shughuli ya familia.

Namba mbili Notes ya Apple, kwa wenye iPhone wote wawili. Kushea notsi kumekuwepo tokea iOS 10 mwaka 2016, na tokea iOS 13 mwaka 2019 unashea folda nzima, na hapo ndipo inapoipita Keep mbali: mnafungua folda moja ya NYUMBANI, kila mtakachotia ndani mwenzio anakiona, huna haja ya kumuongeza notsi kwa notsi. Inaskani karatasi vizuri pia, risiti na fomu za skuli zinakaa safi. Hasara yake, notsi iliyofungwa kwa paswedi haisheiki na inayoshewa haifungiki, kwa hiyo chagueni moja. Na nafasi ya bure ya iCloud ni GB 5 tu ambazo picha za watoto zinazimaliza haraka, na ikijaa notsi mpya zinakwama haziendi kwa mwenzio wala hamjui kwa nini.

Namba tatu OneNote ya Microsoft. Hii ni ya zamani, 2003, ni bure, na ni daftari kweli kweli lenye sehemu na kurasa. Naipendekeza kwa mke na mume wenye jambo kubwa pamoja, wanajenga, wana duka, au wana shamba la mikarafuu na kila msimu kuna wachumaji wa kuwalipa kwa pishi, mana hesabu za namna hiyo kwenye Keep zinakuwa fujo. Sehemu moja unaweza kuifunga kwa paswedi, lakini ukiisahau hata Microsoft wenyewe hawakufungulii, hiyo ijue mapema. Kinachoishusha mpaka namba tatu ni uzito, kwenye simu ndogo inafunguka polepole, na kushea unashea daftari zima, kwa hiyo daftari la nyumba liwe mbali na lako la kazi. Kwa orodha ya tungule msijisumbue nayo.

Namba nne WhatsApp, na najua wengi wenu ndo mnayoitumia, grupu la watu wawili au meseji tu. Nzuri yake kila mtu anayo tayari, na meseji zake zimefungwa mwanzo mpaka mwisho tokea 2016, yaani hata WhatsApp wenyewe hawazisomi, ambavyo Keep haiko hivyo. Lakini kama daftari ni dhaifu kwa sababu moja ya wazi: meseji ukishaituma una dakika 15 tu za kuihariri, baada ya hapo orodha imeganda, mkikumbuka nazi mnatuma meseji nyengine, na ndimu nyengine, na aliopo sokoni anapandisha na kushusha skrini kutafuta baina ya salamu, video za ndugu na sauti za shangazi. Kupini kupo lakini muda wake mwisho siku 30 inajitoa yenyewe. Na mkiwa mmewasha meseji za kujifuta, basi na token ya umeme imekwenda. Itumieni kuambizana, kuhifadhi hifadhini kwengine.

Simplenote naiweka hapa katikati kwa ajili ya simu dhaifu sana. Ni ya kampuni ya Automattic, bure kabisa, maandishi matupu hakuna picha, nyepesi mno, na kumshirikisha mtu unaandika imeili yake kwenye sehemu ya tagi. Ni ngeni kidogo hiyo njia lakini inafanya kazi. Kama Keep inakwama kwenye simu ya mmoja wenu jaribuni hii.

Notion vijana wanaipenda sana na ni kweli ni nzuri kwa macho, majedwali, kalenda, kila kitu. Kwa nyumba naiona kubwa mno. Kama mnaitaka lazima, basi mmoja afungue akaunti ya bure na amualike mwenzake kama mgeni kwenye ukurasa, asimuingize kama mwanachama kamili, mana wanachama wakifika wawili mpango wa bure unawawekea kikomo cha mnachoweza kuandika, na wageni wanaruhusiwa mpaka kumi. Faili la bure mwisho MB 5. Mambo ya bila mtandao yamekuja Agosti 2025 tu, na mpaka ukurasa uuwekee alama mwenyewe kabla hujatoka kwenye mtandao, ukisahau ukafika melini huna kitu.

Wa mwisho Evernote, na nasikitika kumuweka hapa mana tokea 2008 ndiye aliyewafundisha wengi kuandika kwenye simu. Baada ya kununuliwa na Bending Spoons ya Italia mambo yamebanwa, Desemba 2023 mpango wa bure ukawekewa notsi 50 na daftari moja, na mwaka huo huo mpango wa mtu mmoja wa kulipia ukafika dola 129.99 kwa mwaka, ambayo kwa shilingi ni zaidi ya laki tatu. Laki tatu ni mchele na mafuta, siwezi kumwambia mtu mwenye nyumba aitoe kwa kuandika orodha. Kama mmoja wenu ana notsi za zamani humo, azitoe kwa kompyuta kama faili la ENEX. Notes ya Apple inalipokea na Joplin, apu nyengine ya notsi ya bure, inalipokea, Keep hailipokei, hivyo wa Android itabidi wazinakili kwa mkono zile wanazozihitaji tu. Na mkishahamia Keep, mara moja moja ingieni Google Takeout mchukue nakala mhifadhi kwenye kompyuta au memori kadi, mana Wunderlist, apu ya orodha za kazi, watu walikuwa wanaipenda hivi hivi, Microsoft wakainunua 2015 na tarehe 6 Mei 2020 wakaifunga.